Sato wamejaa bwawani na hawakui: namna ya kuwapunguza hatua kwa hatua

Kama una kabwawa ka sato nyuma ya nyumba, wamefikisha miezi sita saba, kila ukimwaga pumba maji yanachemka kwa vidomo na roho yako inafurahi kwamba mali imejaa, naomba usome hii kabla hujaenda kununua mfuko mwingine wa chakula. Mimi nilifurahi hivohivo, nikaongeza na chakula juu yake.

Bwawa langu liko Morogoro, mita 10 kwa 15, maji yanafika mapajani upande wa kuingilia na kifuani upande wa kutokea. Niliweka vifaranga 450, aliyeniuzia akanihakikishia ni madume watupu. Mwezi wa tano nikaanza kuona asubuhi pembezoni kama kivuli cheusi kinatembea juu ya maji, ukipitisha mkono kinagawanyika alafu kinaungana tena. Vifaranga wale. Mwezi wa nane nikatoa maji yote nikapima kila kitu: kilo 41. Wa kuuzika, wale wa zaidi ya grami 100, walikuwa 96 tu, kilo 14. Wa katikati, wa grami 40 hivi, kilo 18. Na kilo 9 zilizobaki ni vidagaa sikuhesabu, niliwapima kwa ndoo. Miezi nane ya kulisha, kilo 14.

Sasa shika kitu kimoja maana hatua zote huko chini zinatokana nacho. Bwawa linabeba kilo. Bwawa kama langu lisilo na mashine ya kuongeza hewa, ukilisha pumba na samadi kidogo linabeba kama kilo 45 hivi, ukilisha peleti nzuri (chakula cha samaki cha punje punje kilichotengenezwa) linaweza kusogea mpaka kilo 75, hapo ndo mwisho wake, ukilazimisha zaidi samaki wanakosa hewa usiku. Kwaiyo hizo kilo 45 ukizigawa kwa samaki 150 kila mmoja ana grami 300, mtu anamnunua huku anacheka. Ukizigawa kwa samaki 1,500 kila mmoja ana grami 30. Kilo ni zilezile, chakula ni kilekile, ila huna samaki wa kuuza. Ndo maana mtu anasema "samaki wangu wamedumaa, mbegu mbaya", wakati mara nyingi mbegu haina shida, wamebanana tu.

Na sato akibanana ndo anazidi kuzaa akiwa mdogo. Kule ziwani anaanza kuzaa akiwa na miezi 10 hadi 12, ana grami 350 na kuendelea. Bwawani akilishwa vizuri anaanza miezi mitano sita akiwa na grami 150 hadi 200. Aliyedumaa anaweza kuzaa hana hata grami 30. Jike la grami 100 linatoa mayai kama 100 kwa mkupuo, likikaribia kilo linatoa 1,000 mpaka 1,500, analea mdomoni alafu baada ya wiki chache anarudia tena. Piga hesabu mwenyewe una majike 200 itakuwaje.

Hatua ya 1: Hakikisha kwanza tatizo ni wingi

Usianze kuvua kwa hasira. Chukua kokoro dogo, yaani wavu wa kuburuza, la macho ya nusu inchi, watu wawili mshike kila upande, kamba ya chini iburuzwe kwenye tope isiinuke hata kidogo maana hapo chini ndo wanapopenyea, vuta kona moja ya bwawa mpaka ukingoni. Fanya asubuhi jua halijawa kali, na siku hiyo wasile kabla. (Kokoro ziwani ni marufuku, hapa tunaongelea bwawa lako mwenyewe.) Waliokamatwa watie kwenye beseni lenye maji ya bwawani, kivulini, ulowanishe mikono kabla hujawashika.

Wagawe mafungu matatu: wakubwa, wa kati, vidogo. Pima kila fungu, gawa kwa idadi. Kama saizi ni mbili tatu tofauti kabisa ujue wamezaana. Kama wote wako saizi moja ndogo na hakuna vifaranga, shida yako inaweza kuwa chakula au uliweka wengi mno tangu mwanzo, hayo mengine humu yatakusaidia kidogo tu.

Angalia na chini ukiweza, upande wa maji mafupi. Ukiona vishimo vya duara kama sahani vimepangana, hivo ni viota vya madume. Na alfajiri saa 12 nenda katazame: wakiwa wote juu wanahema na midomo nje, bwawa limezidiwa.

Hatua ya 2: Kama wanahema, okoa kwanza

Acha kulisha siku hiyo, na kesho yake. Najua inauma kuona samaki wana njaa ila chakula kisicholiwa kinaoza na kuoza kunakula hewa. Ingiza maji mapya, na usiyaingize kimyakimya kwa bomba lililozama, yaangukie toka juu, weka hata bati lenye matundu yachuruzike. Kama una pampu vuta maji ya bwawa na kuyarusha humohumo bwawani. Maji yakiwa ya kijani kupita kiasi, yaani ukizamisha mkono kiganja kinapotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, simamisha samadi kabisa. Ule ukijani mchana unatoa hewa lakini usiku na wenyewe unaivuta, ndo maana samaki wanakufa alfajiri na mtu anamsingizia jirani kaweka sumu.

Hatua ya 3: Toa samaki, na toa wengi

Hapa ndo watu wanaogopa. Mtu anatoa samaki 50 kati ya 1,500 anasema nimepunguza. Hujapunguza kitu. Amua unataka kubaki na wangapi: mimi naishia samaki wawili kwa mita moja ya mraba, kwaiyo kwangu ni 300. Nikiwalisha peleti vizuri, zile kilo 75 ukigawa kwa 300 ni grami 250 kila mmoja. Hiyo saizi mama lishe anaichukua bila kubembelezwa.

Vuta kokoro bwawa zima mara mbili tatu, ikiwezekana punguza maji yabaki magotini kwanza, utapata wengi zaidi kwa kazi ndogo. Wakubwa wa kuuza, uza. Wa kati usiwadharau wote, hasa madume: sato aliyedumaa kwa kubanwa akipewa nafasi na chakula anaamka tena anakua, nimeona kwa macho yangu wa grami 40 wakisogea vizuri tu baada ya kupata nafasi. Wanaotakiwa kuondoka wote ni majike madogo na vifaranga (namna ya kutambua jike na dume iko hatua ya 6).

Chakula baada ya hapo kifuate uzito uliobaki. Samaki 300 wa wastani wa grami 100 ni kilo 30, asilimia 3 kwa siku ni grami 900, gawa asubuhi saa 4 na jioni saa 10 jua likiwepo. Vuta tena kila mwezi upime upya.

Hao uliowatoa uwapeleke wapi? Wa kati wadogo wakaangwe kama dagaa, kwetu watoto wanawapenda kuliko wakubwa. Wengine anika wakauke kabisa, saga, changanya kwenye chakula cha kuku au urudishe kwenye chakula cha samaki wenyewe. Mfugaji wa kambale akisikia una ndoo tatu za vidagaa anakuja mwenyewe na pikipiki. Bata pia.

Ila mtoni HAPANA. Naomba nisisitize hili kwasababu ndo kitu cha kwanza mtu mwenye huruma anawaza, "bora niwaachie mtoni wakaishi". Sato huyu wa kufugwa hata Ziwa Viktoria hakuwepo, aliletwa miaka ya 1950, na sangara akaletwa miaka hiyohiyo. Ngege wa asili wa ziwa lile na mbiru, ndugu zake sato, waliokuwa wanalisha watu wamepotea karibu kabisa ndani ya ziwa lenyewe, kwa kuvuliwa mno, kuliwa na sangara na kubanwa na sato. Ngege amebaki kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli huko Kenya. Mito yetu kama Pangani ina perege wake wa kwake, nao ni jamii ya sato, na sato akiingia anawabana na kuzaa nao mchanganyiko. Ndoo moja ya huruma inatosha kuharibu mto.

Hatua ya 4: Wapunguze vifaranga kila wiki

Ukishapunguza usikae ukasubiri wajae tena. Kila baada ya siku saba mpaka kumi, asubuhi mapema, zunguka ukingo na wavu wa mkono ulioshonwa kwa kitambaa cha chandarua. Vifaranga wanakaa juu juu pembezoni kwenye maji mafupi yaliyopata joto, kwa kundi. Nenda taratibu, ukikanyaga kwa kishindo wanazama wote. Weka wavu mbele ya kundi alafu wasukume kwa mkono mwingine waingie wenyewe. Dakika 20 unapata nusu ndoo. Ndege mdiria wanaotua kwenye waya wanakusaidia kidogo lakini usiwategemee.

Na siku ya kuvuta kokoro angalia midomo ya majike. Nakwambia nilivofundishwa na mzee mmoja mfugaji, na mpaka leo kila nikifanya nashangaa. Unamwona jike koo limevimba chini kama kameza limao, kakaza mdomo hataki kufungua, mwembamba mgongoni maana huyu akibeba mayai hali, wiki nzima mpaka mbili hali. Mshike kwa mikono yenye maji, kichwa kielekee chini ndani ya beseni, gumba lako lisogeze taya la chini taratibu, usilazimishe. Kisha mtikise kidogo ndani ya maji. Yanamwagika. Kama kabeba karibuni ni mayai ya njano kama mbegu za ulezi zilizovimba, kama kakaa nayo siku kadhaa unaona vitu vina macho mawili meusi na kifuko cha njano tumboni, vinajikunja kujaribu kuogelea. Mia moja, mia mbili. Hapo umezuia kundi zima kabla halijagusa bwawa. Jike lenyewe lisirudi, lipeleke jikoni.

Niweke neno hapa kwa wenye koi, wale samaki wa rangi wa mapambo, maana kuna aliyeniuliza. Koi habebi mayai mdomoni, anayatawanya kwenye mimea na mizizi na yanaganda hapo, na jike kubwa linatoa maelfu kwa maelfu. Ukiwaona asubuhi wanafukuzana na kujisugua kwenye mimea, wakimaliza tu toa hiyo mimea siku hiyohiyo uianike juani, yatakayobaki wazazi watayala mengi. Hesabu ya kilo ni ileile kwao, tofauti wao mzigo unabebwa na kichujio chako. Kambale msiwawekee kabisa.

Hatua ya 5: Muweke kambale awe polisi

Kwa sato hii ndo dawa naipenda kuliko zote. Kambale anakula vifaranga usiku na mchana, wewe umelala yeye yuko kazini, na mwisho naye unamuuza. Mimi naweka kambale mmoja kwa sato 20, kwaiyo kwa sato 300 naweka 15. Watu wanakosea sehemu mbili. Kwanza wanamuweka mapema akiwa mkubwa, anakula mbegu uliyonunua kwa hela yako. Subiri sato wafike kama grami 50, alafu ingiza kambale wadogo kuliko wao, wa grami 10 au 20, watakua pamoja. Pili wanamuweka kwenye bwawa ambalo tayari limejaa wa kati wa grami 40 wakitegemea awamalize. Hawezi kuwameza hao, atakula chakula chako tu na kushindana nao. Kambale anazuia kujaa, hatibu kujaa, kwaiyo fanya hatua ya 3 kwanza.

Mvua ikinyesha usiku kambale anatoka. Anavuta hewa ya juu na anatembea kwenye majani mabichi kama nyoka, mimi nilimkuta mmoja kwenye matuta ya mchicha. Zungushia ukingo neti au mabati chakavu kimo cha futi moja na nusu na uyafukie chini.

Hatua ya 6: Tenga madume na majike kwa mkono

Hii inahitaji macho na uvumilivu lakini haihitaji hela. Samaki wawe kuanzia grami 30, wa 50 ni rahisi zaidi. Mlaze chali kwenye kiganja, funika macho yake kwa kidole atulie. Tazama tumboni karibu na pezi la nyuma. Toka upande wa kichwa utaona tundu la haja, alafu kinafuata kijichuchu kidogo. Dume kijichuchu kimechongoka kina tundu moja kwenye ncha, kwaiyo jumla matundu mawili. Jike kijichuchu ni kipana, kina mstari umekatiza katikati, hapo ndo mayai yanapotokea, na tundu dogo sana la mkojo kwenye ncha, jumla matatu. Usipoona chukua pamba yenye rangi ya chakula ya bluu, pakaza, futa, ule mstari wa jike unabaki na rangi.

Ukiwa na wasiwasi na samaki, muhesabu ni jike, muweke pembeni. Majike wachache tu waliopenya wanatosha kuharibu kazi ya siku nzima. Na usifanye peke yako samaki 500 kwa mkupuo, baada ya 100 macho yanaanza kuona unachotaka kuona. Pumzika, au mpeane zamu.

Faida yake sio tu kuzuia kuzaa. Dume anakua haraka kuliko jike kwa mbali, maana jike nguvu yake inaishia kwenye mayai na kufunga kula.

Hatua ya 7: Ikishindikana, kausha uanze upya

Kama bwawa limekaa mwaka na zaidi limejaa vizazi juu ya vizazi, usijitese, toa maji yote. Fanya kiangazi, mwezi wa saba au wa nane, masika udongo haukauki. Maji yapeleke bustanini, ni mbolea hayo. Ziba mdomo wa bomba la kutolea kwa chandarua vifaranga wasitoke kwenda mtaroni, huo mtaro unaishia mtoni.

Bwawa likishakauka juu unaweza kudhani umemaliza. Bado. Vidimbwi vyote kwenye nyayo za watu na chini ya mawe vina vifaranga, na kifaranga anaishi kwenye maji ya kikombe. Mimi mara ya kwanza niliacha kadimbwi kamoja saizi ya sufuria, nikajaza maji, miezi minne baadae nilikuwa na kivuli kilekile pembezoni. Kwaiyo nyunyiza chokaa, ile inayochemka ukiimwagia maji, kilo 10 mpaka 15 kwa kila mita 100 za mraba, zidisha kwenye vidimbwi. Vaa glavu, buti, funika pua na macho, simama upepo ukiwa mgongoni, na watoto wawe mbali maana inaunguza kweli. Acha likauke mpaka lipasuke nyufa unazoweza kuingiza kidole, wiki moja mbili hivi.

Jaza maji kupitia mfuko wa kitambaa cha chandarua uliofungwa kwenye bomba, hasa kama unavuta toka mfereji au kijito, la sivyo unaingiza perege wa mtoni bila kujua. Subiri wiki mbili nguvu ya chokaa iishe, alafu tumbukiza samaki watano kwenye kapu la neti, wakimaliza siku mbili wazima ndo uingize wengine.

Hatua ya 8: Unaponunua vifaranga madume, uliza

Vifaranga madume watupu wanatengenezwa kwa kulishwa chakula chenye homoni tangu wakiwa wachanga kabisa, siku 21 mpaka 28, kabla jinsia haijajipanga. Muulize muuzaji alianza kuwalisha wakiwa na siku ngapi, na alilisha siku ngapi. Anayejua kazi yake atakujibu papo hapo, anayebabaika achana naye. Muulize pia aliwachuja saizi kabla ya kuanza, maana waliokwishakua homoni haiwashiki. Mimi sikuuliza hata swali moja, nilishika neno lake tu, na miezi nane ikaenda.

Hata muuzaji mzuri hakupi asilimia 100, huwa majike wachache wanapenya. Kwaiyo wakifika grami 50 vuta, kagua hata samaki 50 kwa mkono kama nilivoeleza kwenye hatua ya 6. Ukikuta jike mmoja wawili, ingiza kambale wako 15 uendelee. Ukikuta majike kumi na zaidi kati ya hao 50, kagua bwawa zima wiki hiyohiyo kabla hawajaanza kuzaa, na mpigie aliyekuuzia akiwa bado anakukumbuka.